Magadi ya Mama Ninahazwe

Mama Ninahazwe alipoteza jino lake la mwisho mwaka wa tisini na sita, kwenye barabara ya Luberizi, siku watu wa bonde la Ruzizi walipokimbia vita ya kwanza. Wengine walipoteza ng'ombe, wengine nyumba, wengine watu. Yeye alitangaza kwamba Mungu amemwonea huruma, amemtoza jino moja tu. Miaka mitano baadaye, akiishi kwa binti yake Generose katika mtaa wa Rugenge mjini Uvira, alikuwa amebadili mawazo. Jino lile, alisema, lingefaa sana kwa haya maharage.

"Haya ni maharage ao ni risasi?" aliuliza kila siku ya Mungu, akitoa punje mdomoni moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama askari wanaongoja kuhesabiwa. "Generose, minye sitaki kufa na njaa. Lakini kufa na mshindo pia sitaki."

Kosa halikuwa la Generose. Maharage aliyoyazoea mama yake yalikuwa ya magadi, ule unga mweupe unaotoka kwenye maziwa makali ya Tanzania, yale ambayo maji yake hayanyweki. Kijiko kimoja tu chunguni, na maharage yaliyojifanya majabali yanasalimu amri kabla makala, yaani makaa ya jikoni, hayajawa majivu. Zamani magadi yalikuja na mashua za Kigoma hadi bandari ya Kalundu, pamoja na sabuni na uvumi. Vita ya pili ilipoanza, mashua zikawa zinapigwa risasi na upande huu kwa kudhaniwa ni za upande ule, na upande ule kwa kudhaniwa ni za upande huu. Uvumi uliendelea kufika. Magadi hapana. Makala nayo yalishuka kutoka milima ya Lemera siku ambazo njia iliruhusu, yaani mara chache kuliko Noeli.

Generose alijaribu majivu ya maganda ya ndizi. Mama akaonja, akasukuma sahani. "Minye siko sufuria. Usinisugue na majivu." Akajaribu uji. "Uji ni ya batoto na bafungwa." Akajaribu kuyatwanga maharage yaliyochemshwa. Mama akadai kuna mtu ameyatafuna kabla yake, na akataka kujua ni nani. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, na Generose alicheka nao, hadi asubuhi moja alipokuwa anamnawisha mama mikono akaona bangili ya shaba, ile iliyokaza kwenye kifundo miaka thelathini ikawa haivuki hata kwa sabuni, imeteleza yenyewe mpaka kiwiko. Kicheko kikamkatika. Mama alikuwa anaisha, pamoja na mizaha yake yote.

Mambo yalikuwa hapo wakati Sabine alipopiga hodi. Sabine alikuwa rais wa chama cha wamama wa Rugenge, na alikuwa amepokea mwaliko wa seminere ya amani huko Arusha, Tanzania. Miaka ile amani ilifundishwa sana, mradi si mahali penye vita. Sabine hakuogopa mabomu, lakini aliogopa avion, ile ndege ya chuma.

"Minye nitakufa na risasi kama batu bote," alisema. "Kuanguka toka juu kama papai, hapana. Enda weye, Generose. Si weye njo unapikaka mu mikutano? Amani unaijua kwa harufu."

"Na huko nitasema nini?"

"Sema kama benzako. Bakipiga makofi, piga."

Mama Ninahazwe hakuuliza habari za amani. Aliuliza hiyo Arusha iko inchi gani, na alipoambiwa, akaketi wima kitandani kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Ni kwa benye magadi," akasema. "Basi enda. Amani uiachie hao bengine, weye niletee magadi. Na usikawie, mwana wangu. Minye siko na kazi ingine hapa duniani ila kukungoja, na ile kazi inanichokesha."

Aliisema kama mzaha. Lakini mkono wake ulishika kitenge cha Generose ukakawia kukiachia.

Wajumbe wa Uvira walikuwa watatu, Generose wa kwanza. Wa pili alikuwa Papa Osée, Mvira wa ufukweni, mvuvi na mkulima, shemasi wa kanisa lililokataza pombe, ngoma na tumbaku. Alitembea na Biblia ya ngozi na hakuvuka kizingiti bila kuitanguliza. Wa tatu alikuwa Papa Ngendakumana, Mrundi wa bonde, mfugaji wa Luberizi, mkatoliki wa Pasaka na mazishi. Wazee hawa wawili walikuwa hawajasemeshana miaka miwili. Ngendakumana alipokimbilia mjini na ng'ombe wake kumi na mmoja, ng'ombe waliamka mapema kuliko mwenyewe wakaifyeka bustani ya biringanya ya Osée. Osée akakamata ndama. Ngendakumana akasema maneno juu ya Bavira, Osée akasema maneno juu ya Barundi, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, biringanya zikageuka siasa. Watu wa kila mmoja walipotafuta wa kumtuma Arusha, walimchagua yule ambaye hasira yake ilikuwa imepangika vizuri.

Kwa siku tano walikaa meza moja, na Generose katikati kama ukuta wa nyumba ya kupanga.

"Mama Generose, mwambie huyo mzee anisogezee chumvi."

"Mama Generose, mwambie huyo mzee chumvi iko mbele ya macho yake, kama haikuliwa na ng'ombe."

Mwezeshaji alikuwa mama wa Kizungu, mpole, mpenda karatasi kubwa na kalamu za rangi. Siku ya kwanza aliandika ukutani: WAPIGANAPO TEMBO, ZIUMIAZO NI NYASI. Akawauliza wajumbe, katika vita ya kwenu, tembo ni nani na nyasi ni nani? Ikaonekana ukumbi mzima ni nyasi. Walikuwepo wajumbe arobaini kutoka nchi nne, na hakupatikana tembo hata mmoja, ingawa watatu kati yao walikuja na walinzi.

Generose alipiga makofi walipopiga. Roho yake ilikuwa sokoni. Lakini hoteli ilikuwa mbali na mji, ndani ya mashamba ya kahawa, na ratiba ilianza na sala ya asubuhi ikaisha na sala ya jioni. Alimuuliza mpishi wa hoteli magadi. Mpishi, kijana wa kofia ndefu, akamwambia wao wanapika kwa gesi na maharage wanafungua ya kopo. Generose akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyekutana na yatima. Siku ya tano ikaisha. Kesho ilikuwa matembezi, keshokutwa alfajiri avion ya kurudi. Usingizini aliiona bangili ikipita kiwiko ikipanda begani.

Matembezi yalikuwa ya hifadhi ya wanyama, "ili wajumbe wajenge uaminifu katika mazingira asilia," ilivyosema ratiba. Watu wa Uvira wakawekwa gari moja na dereva Mtanzania mwenye adabu nyingi, ambaye kila alipoona mkia mahali alizima injini.

Nyani hawakuwagusa. Nyani hata Uvira wako. Tembo ndio waliowafanya wasogee madirishani: kundi la kumi na wawili karibu na barabara, wakubwa kwa watoto, hakuna ugomvi, hakuna kelele, wanang'oa majani kwa mkonga, wanayapigapiga gotini kutoa udongo na kuyatia mdomoni. Ngendakumana alitazama muda mrefu, kwa jicho la mtu anayejua malisho.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Hata basipopigana, nyasi inaumia tu."

Mbele kidogo dereva akaonyesha mti mkubwa wa mgunga, na juu yake, juu kabisa kwenye matawi, simba jike wawili wamelala, miguu inaning'inia. Akaeleza kwa fahari kwamba simba wa kupanda miti ni jambo adimu, watu wanatoka Ulaya kuja kuliona.

"Masikini," akasema Generose. "Hata bo bamekimbilia juu. Nani iko napigana huku?"

Kisha wakafika penye viboko. Hapo tu, dereva alisema, wageni wanaruhusiwa kushuka, mwisho pale kwenye mstari wa mawe. Alisema kwa sauti ya chini ili asiwatishe: huyu mnyama ni hatari sana. Wale watatu wakashuka, wakakitazama kidimbwi kilichojaa migongo ya viboko, wakatazamana.

"Ni ya kuonyesha muntu wa Uvira hii?" Osée aliuliza hewa. "Huyu wa kushoto ninamujua. Alikula bustani ya lengalenga ya dada yangu juzi."

"Mama, mwambie huyo mzee," Ngendakumana akasema, "kumbe iko banyama bengine banakula bustani, na habakamatwi."

Ng'ambo ya kidimbwi lilianza ziwa lenyewe. Lilikuwa pana na tulivu, jeupe pembeni kama limepakwa chokaa, na katikati limejaa heroe, ndege wa rangi ya waridi, miguu kama fito, maelfu kwa maelfu, wote wameinamisha vichwa kana kwamba wamepoteza kitu kimoja. Wageni wa magari mengine walikuwa wanapiga picha na kusema "o!" Osée alitafuta kitu kingine. Alitafuta mitumbwi. Hakuona hata mmoja. Hakuona wavu, hakuona dagaa wakianikwa, hakuona mwanamke anafua. Ziwa zima limekaa bure kama kanisa siku ya Jumatatu.

Sasa, Osée alikuwa na tabia yake. Miaka arobaini, kila alipofika ufukweni, alichota maji kwa kiganja akanywa funda moja, hata kama hana kiu. Tanganyika analijua kwa ulimi: maji ya kina, maji ya mlango wa Ruzizi, maji yaliyopitiwa na samaki. Kuliona ziwa bila kulionja, kwake, ni kumwona mkwe bila kumwamkia. Kwa hiyo alipoona dereva amegeuka kuongea na madereva wenzake, akauruka mstari wa mawe, akatembea mpaka majini, akachota, akanywa.

Alichokifanya baada ya hapo hakimo katika kitabu cha ushemasi. Alitema, akakohoa, akafuta ulimi kwa mkono wa koti, akapiga kelele: "Imeoza! Ziwa yao imeoza! Ni magadi matupu!"

Neno hilo la mwisho Generose alilisikia kama mtu anayeitwa jina lake stesheni.

Aliwahi pale kabla Osée hajamaliza kutema. Chini ya miguu yake ardhi ilikuwa imefunikwa na gamba jeupe, kavu, linalovunjika kama ukoko wa ugali. Akaweka punje moja ulimini. Ikamchoma, na machozi yakamtoka, na si kwa sababu ya ukali. Miezi yote ile anatafuta kijiko kimoja, na hapa wameyamwaga mpaka upeo wa macho.

Hakuwaza kama ni ruhusa. Watu wa kwao hawana akili hiyo. Ziwa ni la Mungu, na kilichoko ufukweni ni cha aliyeinama. Alivua beji ya seminere shingoni, ile ya plastiki ngumu iliyoandikwa MJUMBE, akapiga magoti akaanza kukwangua. Aliyakusanya ndani ya mfuko wa kitambaa waliopewa siku ya kwanza, wenye picha ya njiwa.

Kivuli kikasimama. Kilikuwa cha Ngendakumana.

"Ni magadi ya kweli?"

"Onja."

Akaonja. Uso wake ukalainika kama wa mtu aliyesikia habari za nyumbani. "Ng'ombe wangu," akasema. "Miaka mbili habajalamba chumvi. Banalamba kuta ya nyumba ya batu. Bakipita muntu na jasho, banamufuata." Akapiga magoti, akavua beji yake.

Upande wa pili kulikuwa na mkwaruzo mwingine. Osée alikuwa amechuchumaa amewapa mgongo, anakusanya kwenye kitambaa cha mfukoni, haraka haraka kama kuku.

"Papa Osée," Generose akasema, "na weye pia unapika maharage?"

"Ni dawa ya tumbo."

Generose akatazama matundu ya pua ya shemasi, ambayo kila muumini wa kanisa lake aliyaona yana rangi ya kahawa na kila muumini aliheshimu. Anayesaga tumbaku ya kunusa bila magadi ananusa vumbi. Akaendelea kukwangua. Kitambaa cha Osée kikajaa, akakimimina katika mfuko wa njiwa. Ngendakumana akamimina yake humohumo. Hawakutazamana. Dereva alipopiga honi, mfuko ulikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na Generose aliubeba vivyo hivyo, mgongoni, chini ya kitenge.

Waliporudi jioni, jua likiwa bado halijazama, waliona kwa mbali mti umelazwa kukata barabara, na kando yake mtu wa sare ya kijani, bunduki begani.

"Bariyeri," Ngendakumana alisema polepole.

"Ni geti tu, wazee," alisema dereva. "Lile tuliloingilia."

Asubuhi walikuwa wanasinzia, hawakuliona. Na sasa hakuna aliyemsikia. Muntu wa Uvira hafundishwi bariyeri. Miaka ile, kutoka mjini mpaka Luberizi, bariyeri zilikuwa nyingi kuliko madaraja, na kila moja ilikuwa na serikali yake. Abiria wa gari moja, hata wasiojuana, hata wanaochukiana, wanajua kila mmoja zamu yake kama timu ya mpira: mgonjwa katikati, dini dirishani, mwenye maneno mbele, na sigara mkononi. Generose aliteremsha mfuko, akaukalia, akatandaza kitenge, akaanza kuguna. Osée akafungua Biblia kwenye dirisha, ionekane toka nje. Ngendakumana, ambaye hakuvuta, akatoa paketi ya sigara aliyoinunua Bujumbura kwa kazi hiyohiyo, akakunja noti ndani yake, akahamia kiti cha mbele. Walifanya yote hayo kwa muda wa kupepesa macho, na hakuna aliyesema mwambie huyo mzee.

Askari wa hifadhi aliinamia dirisha. Alikuwa na meno meupe na uso wa mtu aliyekula mchana.

"Wageni wetu! Poleni na mizunguko. Mmefurahia?"

Katika mamia ya bariyeri walikuwa wameulizwa karata ya utambulisho, jeton ya kodi, saa, viatu, lugha ya mama na jina la kamanda wa kule mlikotoka. Hili hawajawahi kuulizwa. Ngendakumana aliuona mtego uking'aa. Anayesema amefurahia, ana kitu.

"Mukubwa," akasema, "hatukufurahia hata kidogo."

Tabasamu la askari likayumba. "Jamani! Simba hamkumwona?"

"Sisi hatukuona muntu."

"Simba, mzee."

"Hata yeye. Kama alipita, basi sisi tulikuwa tunaangalia chini."

"Tembo je? Tembo leo wako wengi, barabarani kabisa."

"Hesabu yao hatuijui, shefu. Fasi bako hatuijui. Fasi balielekea hatukuangalia."

"Na bunduki hatukuona," akaongeza Osée kutoka nyuma, macho kwenye Zaburi.

"Bunduki gani?"

"Yoyote."

Askari akamgeukia dereva, na dereva akainua mabega. Naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba hawakuona tembo. Ngendakumana akampa askari mkono, na ndani ya mkono paketi.

"Hii ya nini, mzee?"

"Ya sabuni, mukubwa."

"Sabuni ninayo."

Mambo yakawa mabaya. Bariyeri isiyokula ndiyo inayoua. Hilo kila mtu anajua. Generose akaongeza kuguna, akaguna kwa nguvu zake zote, na huo ndio ulikuwa uharibifu, maana askari alikuwa mtu mwema.

"Kumbe mama anaumwa! Dereva, mbona husemi? Tuna chumba cha huduma hapa." Akafungua mlango, akamshika Generose mkono. "Njoo mama, njoo pembeni huku nikusaidie."

Hakuna neno katika maneno hayo lililokuwa baya. Lakini Generose alikuwa ameyasikia yote kabla, mengine kwa heshima hiyohiyo: njoo mama, njoo pembeni. Akauvuta mkono wake. Akateleza kutoka kitini, na mfuko wa njiwa ukamfuata, ukaanguka barabarani ukapasuka ubavu, unga mweupe ukamwagika kwenye buti la askari.

Kabla vumbi halijatua Osée alikuwa nje, mikono juu, Biblia mkono mmoja.

"Ni yangu! Mama huyu hajui kitu. Ni yangu, natia mu tumbaku. Minye nanusa tumbaku." Akaitazama Biblia juu pale. "Miaka ishirini na mbili."

"Anadanganya," alisema Ngendakumana, akishuka upande wa pili, mikono juu vilevile. "Ni yangu, ya ng'ombe. Kamata minye."

"Weye Ngendakumana nyamaza! Weye uko na batoto badogo!"

"Na weye Osée uko na presha! Bakikufunga siku mbili, nani atakuzika?"

"Siombi ruhusa yako kufungwa!"

"Hata siku moja hujawahi kuomba! Ndama yangu uliomba?"

"Biringanya yangu ng'ombe zako ziliomba?"

Miaka miwili ya kimya, siku tano za kalamu za rangi, na ndiyo hayo maneno yao ya kwanza, wamenyoosha mikono mbinguni mbele ya geti la wanyama, wanagombania nani afungwe. Generose, chini pale, aliwasikiliza na akasahau kuguna.

Askari alikuwa amerudi nyuma hatua tatu. Alitazama wazee, akatazama bunduki yake kana kwamba ndiyo imeanzisha, akaisogeza mgongoni.

"Wazee wangu," alisema taratibu. "Shusheni mikono. Hakuna anayemkamata mtu." Akachuchumaa, akasaga unga kati ya vidole, akanusa. "Mmeutoa ziwani?"

"Ndiyo," akasema Generose.

"Mlitaka kuufanyia nini?"

"Kumpikia mama."

Askari akauma midomo, ikashindikana, akacheka mpaka akashika mti wa geti. "Mama! Hiyo nusu ni mavi ya heroe."

Generose aliutazama ule unga. Akafikiri kidogo. "Nitachuja," akasema.

Hapo askari akaacha kucheka. Akamsaidia kuinuka, safari hii akimshika kwa ncha za vidole, na akamuuliza mama ana nini. Generose akamwambia habari zote: jino, makala, mashua, sahani, bangili. Aliposimulia bangili alionyesha kwa mkono wake, hapa mpaka hapa. Askari akasikiliza yote. Kisha akasema sheria ni sheria, humu hata jiwe halitoki, itabidi mkaumwage pale ndani mlikoutoa. Na mkishaumwaga, mkitoka, mkono wa kushoto, mita mia mbili, kuna soko. Wamama wamepanga magadi chini, masafi. Kopo moja ni kama bei ya ndizi mbili.

"Ni ruhusa?" aliuliza Generose.

"Kununua?"

"Kupita nayo."

"Mama," askari alisema, "ni soko."

Wakaumwaga. Sokoni Generose alinunua makopo sita, na muuzaji akamwongezea la saba kwa kumtazama tu. Ngendakumana alichagua bonge kama kichwa cha ndama, akalibeba mwenyewe begani. Osée alinunua kifurushi kimoja. Muuzaji alipomuuliza ya kupikia au ya ugoro, alitazama pande zote, akamwona Ngendakumana anamwangalia.

"Ya ugoro," akasema. "Sema kwa nguvu, huyu mzee asikie vizuri."

"Nimesikia," akasema Ngendakumana. "Minye siko nasali kwenu."

Mpakani, kuingia Uvira kutoka Bujumbura, askari wa kweli wa bariyeri ya kweli alitia kidole kwenye mfuko, akaonja, akatema, akawatukana wote watatu pamoja na mama zao, akachukua mwavuli waliopewa kwenye seminere, akawaacha wapite. Walipumua. Kwa kweli walikuwa wameanza kuogopa kwamba dunia imeharibika.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, chungu kilikuwa jikoni Rugenge. Mama Ninahazwe alikuwa amekataa kula tangu jana, akisema hawezi kuharibu nafasi. Alibebwa hadi mkekani, mwepesi kama kapu tupu. Generose akatia kijiko kimoja. Maji yakatoa povu, maharage yakaguna, na kabla jirani hajamaliza kusimulia ugomvi wake wa asubuhi, ngozi za maharage zimeachia, nayo yamekuwa mekundu mazito, yanapumua polepole kama matope ya moto.

Akampakulia. Mama akatia tonge dogo mdomoni, akafunga macho. Generose akangoja punje itoke. Haikutoka. Likaenda tonge la pili, la tatu. Mama Ninahazwe, ambaye tangu vita ya kwanza hakunyamaza hata usingizini, alinyamaza kwa sahani nzima, kisha akainyoosha sahani bila kufungua macho, ikajazwa tena.

Ndipo milio ilipoanza upande wa mlima. Kwanza miwili, kama mtu anajaribu mlango, kisha mfululizo. Nje mitaa ikajaa nyayo. Wengine walikimbilia ziwani, wengine walivuta watoto ndani na kubamiza milango.

"Mama, chini ya kitanda! Haraka!"

"Ngoja. Iko sahani ya pili."

Hakukuwa na wakati wa kubishana. Generose alimshika mama kwapani kwa mkono mmoja na chungu kwa mkono wa pili, kitenge kikiwa kishikio, akawasukuma wote wawili chini ya kitanda, mama kwanza, sahani yake kifuani, chungu kikifuata, yeye mwisho kabisa. Kulikuwa na giza na harufu ya vumbi na moshi wa jiko. Kitu kilipasuka karibu, na chokaa ikawadondokea. Generose akafunika chungu kwa kiganja. Sikioni mwake, juu ya milio yote, alisikia mdomo usio na meno ukifanya kazi, taratibu, bila haraka yoyote.

"Mama, lala chini!"

"Niko chini," alisema Mama Ninahazwe. "Ongeza mchuzi."

Generose akapapasa gizani mpaka akaipata sahani, akaongeza.